Pua ya Mama na Wali Uliolala

Mama yetu mpendwa, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1959, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Wazazi wake walisema alizaliwa na pua: akiwa uani alijua baba yake anapasua ubao wa mti gani.

Alianza shule mwaka 1966 na kumaliza darasa la saba mwaka 1972. Alipenda hesabu, kuimba hakutaka hata kusikia. Hakuendelea, kwa sababu wadogo zake walikuwa wengi na cherehani ilikuwa imepatikana.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sare, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 2014. Wenzake walimwita Pua. Siku moja alisimama katikati ya kazi akapaza sauti: "Nani ameacha pasi juu ya nguo?" Msimamizi akamjibu, "Wewe Pua, shona bwana, hakuna kinachoungua." Walipofungua chumba cha pasi walikuta suruali ina tundu la kupitisha ngumi. Tangu hapo msimamizi mwenyewe akawa anamletea maziwa ya chai ayanuse kwanza.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980 na baba yetu, fundi baiskeli, aliyekaa hapa mbele. Walijaliwa watoto watatu. Jikoni kwake hakikuliwa wala kutupwa kitu kabla hajafunua sufuria na kuinamisha uso. Akisema, "Kimelala salama," tulikula. Akikunja uso, hata paka hakupewa. Mimi mkwewe, niliyeolewa na kitinda mimba wake, nilimuuliza mbona kiporo hakiingii kwenye friji. Alicheka sana. "Mwanangu, friji ina pua?"

Mwezi uliopita alipata mafua makali. Yakapona, tukashukuru. Jumapili tarehe 3 mwezi huu tulipika wali na mchuzi wa kuku, vikabaki, vikalala juu ya jiko, vimefunikwa vizuri. Asubuhi mama aliinama juu ya sufuria kama siku zote, akasema kimelala salama, akapasha. Wengine walikuwa wametoka, nami nilikuwa bombani nafua. Alikula sahani moja na mjukuu wake mdogo, ambaye alimwita mume wake. "Haya mume wangu, fungua mdomo, usiniaibishe." Nilisikia vicheko vyao. Kufikia mchana wote wawili walikuwa wanatapika na kuharisha, hata maji hayakai tumboni.

Walilazwa wodi tofauti. Mama alinishika mkono, nikainama.

"Mwanangu, sikusikia harufu yoyote. Tangu yale mafua sisikii kitu, hata sabuni. Niliona aibu kusema."

Muuguzi aliyekuwa anabadilisha dripu akamwambia kwa upole, "Mama, usiilaumu pua. Hata ingekuwa nzima isingejua. Wali uliokaa nje usiku kucha unaweza kunukia vizuri kabisa huku una sumu, na ukiupasha sumu haitoki. Unatakiwa uingie kwenye friji mapema, siku hiyo hiyo."

Mama akauliza, "Na mume wangu?"

Nikamwambia yuko wodi ya watoto. Mama alikuwa na kisukari cha muda mrefu, mwili ulikuwa umeishiwa maji, na figo zikashindwa. Alituacha alfajiri ya Ijumaa tarehe 8.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ina hofu. Jana wifi yangu alinikuta nimesimama mbele ya masufuria ya msiba, nimeshika mfuniko.

"Wifi, unaogopa hata chai?"

"Naogopa hata chai."

Nilidhani atanicheka. Akamwaga kikombe chake.

Kwa hiyo chakula cha leo kimepikwa asubuhi hii, tutakula kikiwa moto, na kitakachobaki hatutamfungashia mtu. Shangazi zangu, msiseme mkwe ni mchoyo. Nawaomba.

Mchapaji wa ratiba hii ya mazishi aliniuliza aandike wajukuu wangapi.

"Watano," nikasema.

"Pole dada. Nimesikia yule mdogo…"

"Yuko wodini, anapumua. Andika watano."

Baba yake, mume wangu, hayupo nasi hapa makaburini. Mama yake mzazi anazikwa naye amebaki kitandani kwa mtoto, amemshika mkono, kwa sababu daktari amesema leo ndiyo watajua kama figo zake zitafanya kazi. Nikitoka hapa narudi huko.

Mama ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, na wajukuu watano.

Watano.

Pumzika kwa utulivu, mama. Mtoto tuachie.