Abdiel Akyoo, Fundi Aliyelala Nyuma ya Gari Akiitafuta Kelele

Ndugu yetu tunayemsindikiza leo, Abdiel Eliakimu Akyoo, alizaliwa Kikatiti tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Eliakimu na mama yetu Hanna. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Philemoni.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Kikatiti mwaka 1959. Aliwahi kuchapwa kwa kusimama katikati ya somo la kuimba na kumweleza mwalimu kwamba baiskeli yake ilihitaji grisi. Baada ya adhabu, baiskeli ilipakwa grisi. Mwaka 1968 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Moshi, akahitimu mwaka 1970.

Kwa miaka ishirini alitengeneza malori katika karakana ya shirika moja la umma mjini Arusha. Mwaka 1991 wafanyakazi walipunguzwa, naye akapunguzwa pamoja na boksi lake la spana. Akafungua gereji Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, akishirikiana na rafiki yake Loishiye. Ni miaka ile biashara ya nje ilipofunguliwa, na magari madogo yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Abdiel aliyaita vigari vya kubebea mayai.

Wiki mbili kabla ya kufariki aliagiza kwamba wasifu wake usimfanye malaika, kwa kuwa wateja watakuwepo. Kwa kutii agizo hilo, familia inaeleza habari ya mwaka 1993.

Mwaka huo alifika gerejini Pudensiana, mshonaji wa sare za shule, mzaliwa wa Kibosho. Alikuwa na hachibeki nyekundu, ile ambayo mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu na mizigo hukaa nyuma ya viti bila ukuta. Kila tuta, gari lilisema ngo, ngo, ngo. Mafundi wawili walikwisha kubadilisha shokapu za mbele, vile vyuma vya kuzuia mtikiso, na mlio ukabaki. Abdiel alilipiga jeki, akachomeka nondo chini ya mkono wa tairi la mbele, akaikuta bushi yake, ile raba ya kiungo, imepasuka. Akaibadilisha. Na kwa kuwa shokapu za nyuma zilikuwa zikivuja mafuta, akazibadilisha pia. Gari likanyamaza, naye akatembea Sakina nzima kama mtu aliyechaguliwa diwani.

Siku ya nne Pudensiana alirudi. Gari lilikuwa linagonga tena, sasa kwa nyuma. Abdiel alisema ni barabara. Aliporudi tena, alisema ni mzigo wa sare. Mara ya tatu alidokeza kwamba huenda ni uendeshaji. Loishiye anaikumbuka kauli hiyo hadi leo. Pudensiana alisema kwamba anapeleka sare Kikatiti, shule zinafunguliwa Jumatatu, na akirudi na mlio ule atasimama stendi na kumtaja fundi kwa jina. Tayari majirani walikuwa wameanza kumwita Fundi Ngo.

Abdiel akaomba kwenda naye. Kwa kuwa mlio ulisikika vizuri zaidi kwa nyuma, alijilaza kati ya mafurushi ya sare, sikio kwenye bodi, akafungiwa mlango. Karibu na Usa River askari wa barabarani alilisimamisha gari, akachungulia kwenye kioo, akaona miguu ya mtu mzima. Akafungua mlango na kutaka maelezo. Abdiel hakuinuka.

"Afande," alisema, "hebu libonyeze gari hapo nyuma."

Askari akabonyeza. Ngo. Akabonyeza tena bila kuombwa, kisha mara ya tatu, na akasema kwamba yeye anasikia ni upande wa kulia. Ilikuwa kulia. Abdiel akabandua kifuniko cha ndani, akaikuta nati ya juu ya shokapu imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole. Angeweza kuikaza na kunyamaza. Mwili wake ulikuwa umeziba kila kitu, hakuna ambaye angejua.

"Dada," akasema, "kelele uliyokuja nayo niliitoa. Hii ni yangu. Nati hii niliisahau mimi."

Akaikaza, safari ikaendelea. Baada ya kilomita kadhaa, gari likiwa kimya, Pudensiana alisema kwamba amezunguka kwa mafundi watatu na huyu ndiye wa kwanza kusema "mimi". Walipofika Kikatiti, mama yetu, aliyekuwa amekata tamaa ya kupata mkwe, alimwona mwanawe wa miaka arobaini na miwili akishushwa nyuma ya gari la mwanamke. Alikwenda kuwasha moto wa chai.

Baada ya vikao vitano kati ya Walutheri wa kwetu na Wakatoliki wa Kibosho, ndoa ilifungwa Sakina tarehe 24 Septemba 1994. Yule askari alialikwa, akaja na zawadi ya jeki. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nice na Thomasi.

Mwaka 2001 Abdiel alianza kukosa pumzi. Daktari alimweleza kwamba moyo wake ulikuwa na mlio usio wa kawaida. Aliomba kuusikiliza mwenyewe, akapewa kipimo cha masikioni. Alisikiliza muda mrefu, macho yamefumbwa, kisha akamrudishia daktari na kumwambia mkewe kwa upole, "Hii haikazwi." Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2002, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Pudensiana.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, ndugu wanne, na magari matatu yaliyofunguliwa matairi. Wenye magari hayo wanaombwa waonane na Loishiye gerejini Jumatatu, si hapa kaburini.

Bwana amlaze Abdiel mahali penye utulivu na amani.