Tarehe Kwenye Kaburi la Bibi Yenu

Zimeni hiyo redio, wanangu, mkae. Falk, acha kuangalia saa, mwenye haraka hapa ni mimi. Solveig, shika kalamu, maana ndugu yako husahau anachotaka kusahau, tabia aliyoirithi kwangu. Nyumba ni yenu wawili, nusu kwa nusu, na bustani ya nyuma ya reli aichukue atakayekubali kuipalilia. Hayo mwanasheria anayo, na mihuri yake mitatu. Nitakayosema sasa hayana muhuri.

Jiwe la kaburi la bibi yenu linasema alikufa tarehe mbili Julai, mwaka tisini. Uongo. Mama yangu alikufa Jumamosi, tarehe thelathini Juni, saa tatu asubuhi, uji wake ukiwa bado wa moto, na aliyemwongezea siku mbili ni mimi.

Mlikuwa wadogo, lakini mwaka ule mnaukumbuka. Serikali yetu ilikuwa imesema miaka yote kwamba marki moja, pesa ya wenzetu wa magharibi, ni sawa na moja yetu. Nyuma ya kituo cha treni watu wa magendo walisema ni tano zetu, na baada ya ukuta wa mpakani kufunguka nilisikia hata kumi. Kisha wakubwa wa nchi zote mbili wakakaa, wakatangaza kwamba Jumapili tarehe mosi Julai pesa yetu inakufa: mtu mzima atabadilishiwa elfu nne, moja yetu kwa moja yao, aliyefikisha miaka sitini elfu sita, na zinazozidi, mbili zetu kwa moja yao. Mji mzima wa Meerane ukagundua ghafla jinsi unavyowapenda wazee. Vikongwe waliokuwa hawajagongewa mlango tangu Krismasi walipelekewa keki. Sisi wanne tulikuwa tumejaza nafasi zetu za kubadilishiwa, zikabaki elfu tano, nikaziweka kwenye akaunti ya mama, ambaye hakuwa na kitu.

Akafa ikiwa imebaki siku moja. Kanuni ilisemaje juu ya maiti? Hadi leo sijui. Sikuuliza, maana katika nchi ile aliyeuliza ofisini aliandikwa jina. Nikavuta mapazia, nikamwambia mama yenu, “Edeltraut, mpaka Jumatatu.” Akaliondoa bakuli la uji.

Saa tisa alasiri kengele ikalia. Alikuwa shangazi yenu Irmhild, dada yangu, kutoka Kassel. Yeye alihamia magharibi kabla ya ukuta kujengwa, na kila alipokuja kumwona mama alilazimishwa mpakani kubadilisha marki zake nzuri, ishirini na tano kwa kila siku, moja yao kwa moja yetu, ndipo apite. Akikaa siku nne, alilipa mia, ili akae jikoni akimmenyea mama viazi. Sikuwahi kumsikia akinung'unika. Mwaka ule mpaka ulikuwa bure. Nikamfungia mimi.

“Ana homa ya kuambukiza,” nilimwambia. “Daktari amekataza wageni.”

“Mgeni nani, Gernot? Nimekaa kwenye treni saa saba nzima. Nimchungulie tu.”

“Irmhild, usianze.”

Akanipa viatu laini vya nyumbani alivyomletea mama, akashuka ngazi. Kisha akasimama barabarani, chini ya dirisha, akaita, “Mama! Ni mimi!” Mara tatu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nikahesabu.

Jumapili nikapanga foleni benki na hati ya kumwakilisha mama. Karani akaniuliza, “Mama hajambo, Bwana Wünsche?”

“Amelala.”

“Mwache alale, ataamka tajiri.”

Jumatatu akaja daktari, akamtazama mama, akanitazama mimi. “Lini?”

“Leo alfajiri.”

“Wengi wamekufa leo alfajiri,” akasema, akaandika.

Lile gari jekundu mlilolipenda lilitokana na pesa hizo. Lilioza sakafu kabla ya majira ya pili ya baridi. Nimepiga hesabu: kwa moja kwa moja badala ya mbili kwa moja, nilipata marki elfu mbili na mia tano, ambazo kwa yuro ni elfu moja mia mbili sabini na nane. Kwa hizo nilimuuza dada yangu.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Irmhild alirudi kwa mazishi, na alipolia, nilimwambia mbele ya watu, “Ungengoja siku mbili tu, ungemkuta.” Hakurudi tena. Nanyi mkakua mkimwita shangazi asiyejua kungoja. Neno hilo mlilipata kwangu.

Ana miaka themanini na minne. Nendeni Kassel… nipe maji… nendeni wawili, kabla hamjanizika. Msimpelekee pesa, atawatupia usoni. Mwambieni mama alikuwa ameshakufa yeye alipoita. Kwamba mama hakukataa kuitika. Mwambieni vile viatu alizikwa navyo, nilimvika mwenyewe.

Jiwe lichongwe upya. Ofisi ya makaburi itataka fomu… itataka shahidi. Andika, Solveig. Nimesema nikiwa na akili zangu.

Mungu awape mkono wa kuushika siku yenu ya kufa, na mwenye mkono huo aitaje siku yenyewe. Yangu pia… msiisogeze. Ikiwa Jumapili, iwe Jumapili.

Falk. Vuta hilo pazia. Fungua dirisha… pengine Irmhild yuko chini.