Mama Doa na Kasoro Nambari 412

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mpimaji wetu mkuu wa kamera anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake kamili liko kwenye barua ya kustaafu. Sisi tumezoea kumwita Mama Doa, naye huitika.

Kazi yake ilikuwa kuichunguza kamera iliyomo ndani ya darubini inayozunguka angani, ambako hakuna fundi wa kupanda na kitambaa akaipanguse. Wengine tulikimbilia picha za nyota. Yeye kila asubuhi, kabla ya chai, alianza na picha zilizopigwa kifuniko kikiwa kimefungwa, ambazo zinapaswa kuwa giza tupu. Chochote kilichong'aa humo kilikuwa kasoro ya kamera; alikipa nambari na kukipiga mstari mwekundu. Mumewe, mtu mvumilivu sana, anasema hata nyumbani kila glasi ikishaoshwa huinuliwa dirishani kukaguliwa.

Katika mwaka wake wa kumi na mbili, mwandishi wa wasifu huu, wakati huo mgeni mwenye kimbelembele, aligundua nyota. Alitangaza korido nzima, akaleta na keki. Mama Doa alikata kipande cha kwanza, akala, akasifu, kisha akaweka mezani picha ya giza: nuru ileile, mahali palepale. Akauliza kwa upole ni nyota gani hiyo inayoonekana hata mtu akifumba macho. Ikaandikwa kasoro nambari 412, na mwandishi akaitwa Baba Keki hadi leo.

Mwezi huu Mama alikataa kukabidhi daftari lake kabla ya kupima upya kila alichowahi kukifuta. Wakubwa walinung'unika, akatia pamba masikioni. Jumatatu ikafika zamu ya nambari 412: darubini ilielekezwa palepale, safari hii imegeuzwa kidogo. Doa, kwa kuwa ni la kamera, halikusogea pichani. Kando yake kuling'aa kitu kingine. Miaka yote hiyo nyota ilikuwa imejibanza nyuma ya doa.

Angeweza kunyamaza. Zilibaki siku nne tu, na hakuna aliyewahi kumkuta na kosa. Badala yake alipita mlango kwa mlango akijishtaki, kisha akaacha karatasi mezani kwa Baba Keki: "Mwanangu, nyota yako ni nyota. Nisamehe." Baba Keki alilia, na waliomwona walimwona.

Kwa hiyo, wageni wetu, keki iliyo mbele yenu si ya kuagana. Ni ya nyota, imechelewa miaka kumi na tisa. Asante, Mama, kwa macho yako na kwa moyo wako. Tunakuombea afya na mapumziko marefu. Karibu ukate kipande cha kwanza. Ila tafadhali, usikiinue dirishani.