Fundi Friji na Ada ya Uchungaji

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya duka la vifaa vya umeme na ukuta wa kliniki ya meno, na mwenye kona ni Wakili. Sheria hajaisomea hata siku moja. Ni fundi viatu anayependa ubishi, basi tukampa cheo. Pembeni ya sindano zake anaweka birika la kahawa, na kahawa hiyo ndiyo inayotukusanya: mimi fundi saa, ambaye siku hizi naletewa saa za kubadilisha betri tu, Dalali, anayewatafutia watu nyumba huku mwenyewe anakaa kwa shemeji yake, na Mwalimu, aliyestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusahihisha. Wa tano wetu ni Fundi Friji, miaka kumi na moja yuko nasi. Asubuhi ile hakuwepo, na kwetu asiyekuwepo ndiye ajenda.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Fundi Friji, mtu mzima na mke na watoto wake, kapata nafasi chuo cha uchungaji. Miaka mitatu. Wiki mbili anakaa darasani, wiki mbili anarudi kutengeneza friji za watu ili apate ada na chakula cha nyumbani. Pikipiki kaiuza muhula wa kwanza. Sasa anawafuata wateja kwa miguu, mfuko wa vifaa begani. Mkewe anapiga pasi mashuka ya hoteli, na tangu mwezi uliopita kaongeza zamu ya pili. Wakili akatumiminia kahawa, akafungua kesi.

— Mimi namwelewa. Friji za siku hizi haziharibiki ovyo. Kaangalia, kaona kinachoharibika kila siku ni binadamu. Kahamia kwenye soko.

— Soko gani, Dalali akadakia. Wiki mbili huku, wiki mbili kule, hiyo ni ratiba ya mtu mwenye nyumba mbili. Nimepangisha vyumba miaka ishirini. Mwanamume anayetafuta chumba cha pili namjua, lazima aulize kama kuna geti la nyuma.

— Friji alikuuliza geti la nyuma? Wakili akahoji.

— Hakuuliza. Hapo ndipo ninapomshuku. Mzoefu haulizi.

Mwalimu akatuambia hatujui kitu. Aliwahi kufundisha na mtu aliyepitia chuo kama hicho, na siri zote anazo. Mwaka wa kwanza, kwa maelezo yake, wanafundishwa kukaa kwenye sebule za watu. Mwaka wa pili wanafundishwa kula: namna ya kuikataa sahani ya kwanza kwa unyenyekevu ili ya pili ije imejaa. Mwaka wa tatu ni kufungashiwa.

— Na mtihani wa mwisho ni wa vitendo, alisema. Msibani. Anayeshiba bila kuonekana akitafuna anapata daraja la kwanza.

Nilicheka mpaka kahawa ikanitoka puani. Na mimi sikutaka kubaki nyuma, nikatia neno. Nilisema ni uvivu tu, jamaa kachoka kutambaa nyuma ya friji za watu kwenye vumbi na mende, anataka kiti cha mbele. Nikaongeza kwamba Mungu angekuwa na shida na mchungaji, angemwita huyu bwana enzi zile anakula peke yake, si leo akiwa na midomo inayomsubiri mezani kwake. Wote waliniunga mkono, na sifichi, nilijiona nimesema la maana sana.

Midomo hiyo ndiyo iliyotuhamishia kwenye huruma. Hakuna kitu kitamu kwenye benchi letu kama kuwahurumia watoto wa mtu mwingine, maana hakigharimu chochote. Wakili akasema watoto wale watafukuzwa shule kwa kukosa ada muhula huu huu. Dalali akasema juzi kamwona mmoja wao njiani, soli ya kiatu imefunguka. Wakili akajibu kwamba angeletewa kile kiatu angekishona bure, na hakuna aliyejitolea kukifuata. Mwalimu akatabiri kwamba watoto wa namna hiyo hukua wakiona haya mbele ya wenzao. Kufika duru ya pili ya kahawa, tulikuwa tumeshawalea nusu, kwa maneno.

— Mwanaume anaanza na wa kwake, Wakili akahitimisha. Wale watoto mimi nawaonea uchungu kama wangu wa kuzaa.

Hapo akaja mama mmoja wa makamo, kavaa viatu vya kutembelea, faili la bluu kwapani. Akasalimia, akauliza kama hili ndilo benchi la fundi viatu. Wakili akampisha akae, akampa kahawa. Alisema anatoka chuo cha uchungaji, kaja kwa ajili ya Fundi Friji. Dalali akanikanyaga mguu chini ya benchi, akijua sasa uozo wa Friji unakuja wenyewe.

Uozo haukuja. Chuo, alieleza yule mama, kina nafasi mbili za kuwalipia nusu ya ada wanafunzi wenye familia, na walioomba ni kumi na wawili. Barua za makanisa hazisaidii, maana kila kanisa linamsifu mtu wake. Kwa hiyo mwombaji anataja watu wasiosali naye, wanaoijua nyumba yake, na chuo kinawafuata kimya kimya.

— Asipoipata, muhula ujao harudi darasani, alisema. Kaandika mwenyewe kwamba hawezi kumwachia mkewe zamu ya tatu. Na waliotajwa ni nyinyi wanne.

Akayasoma majina yetu, yale ya kwenye kitambulisho, ambayo pale kwenye benchi hatujawahi kuitana. Kando ya kila jina Fundi Friji kaandika maneno machache ili tutambulike. Kwa Wakili kataja binti yake wa mwisho, jina lake, na kwamba kaanza kusomea uuguzi. Kwa Dalali kataja mwanawe mwenye pumu. Kwa Mwalimu, mjukuu anayeishi naye. Kwangu kaandika kwamba nina wana wawili na mmoja nimemzika, akawataja wote wawili, akianza na yule niliyemzika. Jina hilo nilikuwa sijalisikia kinywani mwa mtu kwa miaka sita.

— Kwa hiyo mnafahamiana vizuri, yule mama alisema.

— Sisi ni ndugu, Wakili akajibu. Miaka kumi na moja, mama. Uliza chochote.

Akafungua kalamu.

— Naanza na jepesi. Watoto wake wanaitwa nani?

Wakili akamtazama Dalali. Dalali akasema kuna yule mrefu, yule mwenye... halafu akainamia kikombe chake. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaendelea kuifuta. Mimi nililitafuta jina hata moja, hata la utani, nikakuta sina, na aibu niliyoiona sijawahi kuiona kwenye benchi lile.

— Haya, wako wangapi?

— Watatu, alisema Wakili.

— Wanne, alisema Dalali, kwa pamoja naye.

Mama yule hakuandika tatu wala nne. Aliandika mstari mmoja, akafunika kalamu na kutushukuru kwa kahawa. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nikausoma kabla hajafunga faili. Kaandika kwamba waliotajwa wamepatikana wote, na kwamba hawaifahamu familia ya mwombaji.