Sahani Ndogo Mbele ya Wakwe

Mgeni rasmi, Maman Louise, chef wa avenue yetu, mkubwa wa mtaa huu, na mama wa bibi-arusi wa Jumamosi,

Karibu
Sisi wamama wa Mulongwe tulio na ugonjwa wa sukari tunakusalimu kwa furaha. Kaa vizuri. Tumekupa kiti chenye miguu yote minne. Katika kikundi chetu, kiti cha namna hiyo ni kimoja tu.

Tulikotoka
Tulijuana kwenye benchi la hospitali, kila mmoja akijidai amesindikiza mgonjwa. Dokta akatufundisha: bugali kidogo, mboga za lengalenga nyingi, fanta tuache. Tulielewa wote. Tukafika nyumbani, tukakuta watoto wamebakisha bugali, na mama gani atatupa chakula? Tukakimaliza. Na siku ya huzuni, chai yenye sukari ndiyo iliyotubembeleza, maana mabwana walikuwa wanasikiliza redio.

Tulichofaulu
Sasa tunatembea pamoja kila asubuhi mpaka kando ya ziwa. Watu wakasema tumekonda kwa kuwa mabwana hawatulishi. Papa Ildephonse, bwana ya huyu mama Consolate anayekusomea risala hii, akaja kututetea. Kwa namna alivyonenepa, akatuharibia zaidi.

Kinachotushinda
Nyumbani tumeweza. Kwa wakwe tumeshindwa. Desturi unaijua: mama wa bwana-arusi anapewa sahani ya kwanza, mlima wa wali wa Ruzizi, na macho yote yako kwake. Akibakisha, ni kama amesema kuna sumu.

Mwenzetu Maman Émérance, alipoozesha kijana wake mkubwa, alinong'ona: "Minye niko na sukari, munipunguzie."

Shangazi mmoja wa kule akamujibu kwa sauti ya kufika barabarani: "Weye unaogopa tumekuwekea kitu?"

Émérance akala yote, akacheka, akashukuru. Kesho yake tulimuimbia kwenye kitanda cha hospitali, hatujui kama anasikia. Alipofungua macho, alituambia tunaimba vibaya.

Jumamosi Émérance huyo anakuja kwako, kumuoza kijana wake mwingine, Merdi, kwa Aline wako.

Ombi
Hatuombi kiti cha pili, ingawa ukikiona njiani usikipite. Tunaomba hili: umupakulie Émérance kwa mkono wako, kidogo, mule wawili sahani moja mbele ya watu wote, wewe ukitangulia kuonja. Mwenye nyumba akionja, nani tena atataja sumu?

Émérance iko hapa, ni yule anayeangalia viatu vyake. Ametuambia usipokubali atakula ule mlima tena, kwani hawezi kumuanzishia mtoto ndoa kwa ugomvi. Tumemubishia mpaka tumechoka.

Chakula cha leo kiko tayari: samaki wa mukeke, lengalenga, na bugali ya ngumi moja. Sahani ni moja, na tumeiweka kati yako na yeye. Nawa mikono, Maman Louise. Jumamosi ianze leo.

Mungu akupe wajukuu wanaolala usiku, na mto wetu Mulongwe autulize kitandani mwake, usifurike mpaka arusi ipite.

Ni sisi,
Wamama wa Sahani Ndogo, Mulongwe, Uvira