Dakika Arobaini za Shahidi wa Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo sina muziki wa kuanzia. Alhamisi asubuhi tulimpoteza fundi wetu wa seva, mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa alizifikisha picha za kituo hiki kwenye simu zenu. Wengi wenu hamjui hata sura yake. Sisi tulimwita Sweta.

Jina hilo lilitokana na kazi. Chumba cha seva lazima kiwe na baridi, la sivyo mitambo inaungua. Nje jua linapasua vichwa, yeye yuko ndani na sweta la kijivu lililotoboka kiwiko, anapiga chafya. Tulimtania: "Sweta, samaki unaanza kuuza lini humo?" Anajibu: "Samaki ni nyie. Mkiingia hewani tu mnaanza kunuka."

Zamani alikuwa mpiga video wa harusi. Mkewe anasema walikutana huko huko. "Aliniambia, dada, hapo uliposimama umekanyaga waya wa sauti yote. Nikasogea. Nikasogea hadi kwake, miaka ishirini na mbili."

Kazi yake ilikuwa hivi. Kamera zinapiga picha hapa, seva inazipokea na kuzigawa kwa kila anayetazama, wakati uleule. Kisha inazihifadhi, ili aliyekuwa kazini azitazame kwa wakati wake. Lakini nafasi ya seva ina mwisho. Ikijaa, inafuta rekodi ya zamani ili iweke mpya, na haimuulizi mtu. Ndiyo maana kila baada ya matangazo Sweta alihamisha rekodi muhimu kwenye diski ya pembeni. Hakuna aliyemwagiza. Ndivyo alivyokuwa.

Wasikilizaji, mnakikumbuka kile kiwanda cha viatu kilichoporomoka. Watu ishirini na sita walikufa. Ishirini na sita. Uchunguzi ulisikilizwa siku tisa, nasi tukaurusha moja kwa moja. Shahidi wa kwanza alikuwa mama mfagizi, ambaye mwanawe wa kiume alifia mle ndani. Alizungumza dakika arobaini. Alisema aliuona ufa ukutani wiki mbili kabla, ufa wa kuingia kiganja. Akaripoti. Akapewa kalenda aufunike. Na aliyempa kalenda akamtaja kwa jina.

Miezi miwili baadaye mama yule naye akafariki. Ripoti ilipotoka, maneno yake yote yalikuwa mistari minne. Ufa haumo, kalenda haimo. Binti yake akaja kituoni kuomba ile video, ili familia iwe na cha kuonyesha kwamba aliyasema.

Haikuwepo. Siku ya sita seva ilijaa, ikafuta siku ya kwanza. Sweta alikuwa hajaihamisha. Alikuwa anangoja diski ya pembeni ipate nafasi, na nafasi haikupatikana.

Binti alisimama mlangoni mwa chumba cha seva, mkoba kaukumbatia kifuani. Sweta akamwambia, "Mwanangu, nimeipoteza mimi. Usimtafute mwingine."

Binti akauliza, "Kwa hiyo baba, iliyobaki ni ile mistari minne tu?"

Sweta alivua miwani.

Baada ya hapo akaanza kuokota vipande. Aliwapigia simu waliotazama siku ile, akaenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani alirekodi kwenye simu yake. Dakika mbili alizipata kwa kinyozi. Tano kwa mwalimu mmoja. Miaka miwili ya kubisha hodi ikampa dakika kumi na nne. Kumi na nne kati ya arobaini. Pale mama anapomtaja aliyempa kalenda, mtoto wa mwenye simu analia, na jina halisikiki. Sweta alikirudia kipande hicho mara mia na zaidi, mle mle kwenye baridi, kifua kikikoroma. Daktari alishamkataza. Mkewe alimsihi, "Baba watoto, maji yakimwagika hayazoleki." Akamjibu, "Najua, mama. Lakini ndoo niliishika mimi."

Nimonia imemchukua akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili silisomi kwenye karatasi. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mara hii aibu ni ya mwosha mwenyewe. Diski ya pembeni haikuwa na nafasi kwa sababu mimi, mtangazaji wenu, nilimwomba Sweta anitunzie mechi kumi na moja za bonanza la wakongwe nilizozitangaza. Aliniambia, "Kaka, zitoe, Jumanne nina uchunguzi." Nikamwambia, "Usinibanie bwana, mwisho wa wiki nazichukua." Mwisho wa wiki ukapita. Sikuzichukua.

Siku binti alipokuja nilikuwa kwenye korido na kikombe changu cha chai. Nilisikia kila neno. Sweta aliniona. Nikarudi studio, nikajifanya hamnazo. Miaka miwili nimekula naye meza moja, nimelitania sweta lake, wala hakuwahi kunigusia.

Jana, baada ya mazishi, nilimweleza mkewe. Akasema, "Shemeji, alijua kwamba unajua. Alikuwa anakusubiri useme."

Pole sana, shemeji. Poleni wanangu watatu, na pole mama mzazi uliyemzika mwanao. Naona aibu kuwapa pole, lakini natoa. Binti wa mama mfagizi, kama unanisikia, kosa hili lina mwenyewe. Kesho nitakuja kwako nikuambie uso kwa uso, na ukinifukuza nitaelewa. Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafuteni kwenye simu zenu za zamani, huenda kipande kimo. Na kama yupo mtu anayebeba lawama yako, mtue leo, angali anakusikia.

Asubuhi hii niliifungua ile diski. Mechi zipo, zote kumi na moja. Picha safi. Sauti safi.