Mlima Usio na Foleni

Ndani ya basi la asubuhi la kwenda mlimani, Fumie alifumba macho kama abiria wengine, ila masikio aliyaacha wazi. Nyuma yake, mzee mmoja alikuwa akimfunda binti asiyemjua jinsi ya kuteleza thelujini bila kusukumana.

"Kwenye milima mikubwa utapanga foleni mpaka uote mvi, mjukuu wangu. Shuka na mimi Torigoe, mlima mdogo tu. Lifti moja ya kupandisha watu kileleni, watu saba, na wanne kati yao wanasinzia."

"Na chakula, babu?"

"Nabeba matonge yangu ya wali. Ila nasikia kantini wana tambi nzuri."

Fumie, mpishi wa tambi hizo na mkata tiketi wa hapo, alijizuia asigeuke. Miaka kumi na moja mzee anakuja hapo, na tambi zake bado anazisikia tu!

"Basi nitaweka picha mtandaoni."

"Thubutu! Hata mke wangu anadhani naenda kuoga kwenye chemchemi ya maji moto."

"Uchoyo huo, babu!"

"Uchoyo ndio utulivu wenyewe!"

Basi likasimama. Fumie akainuka na tangazo lake la kubandika langoni: mlima unafungwa kabisa Jumapili hii kwa kukosa wateja. Nyuma yake, mzee alikuwa bado anamwapisha binti wa watu asimwambie mtu.